Sailensa ya Baba na Mahari ya Kiritiri

Enzi zetu, huko juu milimani Embu, gari halikuhitaji honi. Pikapu ya baba ilikuwa na sailensa iliyooza, imefungwa kwa waya na bati la kopo la mafuta ya kupikia, na bado tuliisikia ikipanda kutoka mtoni sisi tukiwa shambani tunachuma kahawa. Tangi la petroli nalo lilizibwa kwa kipande cha sabuni. Siku hizi kijana akiona taa moja imewaka kwenye dashibodi anaita gari la kumvuta, kisha anajipiga picha akingoja.

Sailensa ilipodondoka yenyewe barabarani, fundi alimshauri baba asinunue nyingine. Aweke bomba tupu, injini ipumue, petroli ipungue. Baba alimwamini kama Injili. "Gari ni kama mtu," alituambia. "Ukimziba mapua anatumia nguvu mingi."

Mama, aliyekuwa akichambua maharagwe ya njahi, alijibu bila kuinua macho: "Basi toa na milango, ipumue zaidi."

Huenda fundi hakudanganya, ila hakumjua baba. Bomba lile lilitoa mngurumo mzito, na baba akaupenda kuliko kwaya ya kanisa. Kila soko alilopita alikanyaga mafuta ili watu wageuke. Kilichookolewa na bomba kikamalizwa na mguu wake.

Ndipo ikafika Jumamosi ya kupeleka mahari ya ankol Njeru, mdogo wake baba. Mchumba wake, Wanja, alikuwa wa Kiritiri, kule chini tambarare. Ankol alikuwa ameshaahirisha safari hiyo, na wazee wa huko walituma neno: asipofika sasa, asahau. Hata hivyo baba alikataa kuongeza petroli. "Hii gari siku hizi inanusa tu," alisema.

Sisi watoto tulikaa nyuma na mbuzi, katikati ya moshi, vumbi na vinyesi, na sijawahi kufurahi vile tena. Baba alinguruma njia nzima. Tulipofika tambarare za chini, boma la akina Wanja likionekana kwa mbali, gari lilikohoa, likazimika. Petroli ilikuwa imekwisha.

Tulitembea. Ankol aliingia bomani suti ikiwa nyekundu kwa vumbi, akivuta mbuzi aliyegoma. Tulikuta sahani tupu. Nyanya yake Wanja alipangusa mdomo bila haya.

"Tuliwasikia mkikuja, tukapakua," alisema. "Halafu kelele ikaisha kabisa. Tukajua mmegeuza. Sasa chakula ipoe ikingoja nani? Tukakula."

Wanja alitoka jikoni, macho yamevimba kwa kulia. Alimtazama ankol, akatazama suti, akatazama mbuzi, akacheka mpaka akakaa chini. Wazee walipokea mahari, wakatupatia maji ya kunywa.

Siku hizi kijana wa ankol na Wanja anaishi mtaa wa Dallas, hapo mjini Embu, na ameng'oa sailensa ya gari lake. Ananieleza kwamba sasa linapumua na mafuta yamepungua. Damu ni damu. Akipita, majirani wanafunga madirisha wakimlaani, naye anadhani wanamwonea wivu. Namwonea huruma, kusema kweli. Gari la baba liliponyamaza, kuna msichana aliangua kilio jikoni. La huyu likinyamaza, mtaa mzima utaimba aleluya.