Maharage Yaliyogoma Ukingoni mwa Kreta

"Huyu hataweza hata kuivisha maharage, sembuse maisha." Hivyo ndivyo alivyosema Mama Bura, jirani yetu pale Karatu, mbele ya mama yangu na mbele ya foleni nzima ya mashine ya kusaga. Nilikuwa darasa la sita. Leo nina stashahada ya mapishi ya hoteli, ipo ukutani ndani ya kioo, na nilirudi nyumbani kwa gari langu mwenyewe, si la kuazima. Lakini ninyi wenzangu mliokuwa wadogo miaka ile ya sabini mnajua kwamba kauli ya mama jirani haifunikwi na kioo.

Enzi zile tulikulia chini ya kreta, lile shimo kubwa la volkano lililojaa wanyama, na hatukuwa tumeiona. Wageni walitoka mbali kuja kuitazama, sisi tukabaki kumeza vumbi la magari yao na kupunga mikono. Basi mwalimu alipotangaza kwamba tutapanda lori kwenda kuishuhudia, hatukulala. Kila mtoto alete bakuli la mahindi na bakuli la maharage, tukapike makande huko huko ukingoni. Watoto wa siku hizi wakipelekwa ziara wanabeba soda na biskuti, halafu wanalalamika kwamba simu hazina mtandao.

Nyumbani mvua zilikuwa zimetutupa, maharage hayakuwepo. Mtoto mwenye akili angekopa bakuli moja akanyamaza. Mimi nilikuwa nimeshajitangaza darasani kuwa mpishi mkuu, na kwamba wasiokuwa na maharage nitawaletea mimi. Nikapita nyumba tatu: kwa Mama Bura, kwa Mama Safari, na kwa mzee Tluway fundi baiskeli. Kila nyumba ilinipa bakuli lililojaa hadi kilele. Hakuna aliyeandika popote. Walisema tu, "Mkivuna, utarudisha."

Kule juu baridi ilikuwa ya kung'oa meno na ukungu ulipita kati yetu kama ng'ombe wasio na mchungaji. Nikawasha moto, nikabandika sufuria kubwa la shule. Maji yakachemka upesi kuliko nyumbani! Nikasimama, mkono kiunoni. "Mnaona? Mpishi akiwa mpishi, hata mlima unamtii."

Saa zikapita. Sufuria lilichemka kwa kelele, povu likamwagika, kuni zikaisha nusu. Nikaonja: changarawe. Nikaongeza moto: changarawe ya moto.

"Mpishi," akaniita Safari, mtoto wa yule Mama Safari, "tumekuja kuona kreta au kuitafuna?"

Akapita mama mmoja wa Kimaasai na punda wake wa maji. Alisimama, akachungulia sufuria, akatoa kipande cha magadi kwenye kifuko chake. "Tia hii, kijana. Huku juu maharage yana kiburi."

"Asante, yeyo," nikamjibu, nikimwita mama kwa lugha yake, "lakini sisi wa Karatu hatupiki kwa magadi. Magadi ni ya wapishi wavivu."

Uongo mtupu! Mama yangu alitia magadi kwenye makande kila siku ya Mungu. Ni mimi niliyeyasahau nyumbani. Yule mama alicheka, akakiweka kipande juu ya jiwe, akaenda zake. Wenzangu walipokimbilia ukingoni, maana ukungu ulikuwa umefunguka, nikakidumbukiza sufuriani haraka kama mwizi. Ndiyo maana kreta sikuiona siku ile. Nilikuwa nakoroga.

Tulikula makande nusu mbichi, na lori lililoturudisha lilinguruma kwa matumbo kuliko kwa injini. Mwalimu aliponiuliza kulikoni, nikasema neno ambalo hadi leo likinijia kichwani, uso unawaka. Nilisema maharage ya kukopa yalikuwa ya zamani, yana fukusi.

Neno lilifika kijijini kabla ya lori. Kesho yake ndipo Mama Bura alipotamka ile kauli mashineni. Tulipovuna, mama alimpelekea bakuli lake. Akalikataa. "Mimi ni wa fukusi. Hayo masafi mpelekee msafi mwenzako." Nyumba zile mbili nyingine zikamwiga. Mama yangu, ambaye hakuwahi kunyimwa hata kaa la moto, akawa anatembea hadi mtaa wa pili kuomba chumvi. Hakunichapa. Ingekuwa nafuu.

Miaka ikaenda. Nikiwa chuoni, mwalimu akatueleza jambo ambalo darasa zima lililipokea kwa miayo: ukipanda juu, hewa ni nyepesi, maji yanachemka kabla hayajapata moto wa kutosha, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva. Niliruka kwenye kiti nikapiga makofi peke yangu. Wenzangu walidhani nimeugua.

Niliporudi na stashahada yangu, nilianza na magadi. Yule yeyo sikumpata, nikampa kipande kikubwa mama wa kwanza niliyemkuta ukingoni na punda. Aliniangalia kama mwehu. Kisha nikamchukua mama yangu, nikapakia madebe matatu ya maharage, tukazunguka. Mama Safari alipokea, mzee Tluway alipokea. Mama Bura alinikalisha kwenye kigoda, akanisikiliza nikimfundisha habari za hewa na mchemko, tena kwa maneno makubwa ya chuoni.

"Kwa hiyo kosa lilikuwa la mlima?"

"Ndiyo, Mama."

"Ni mlima uliosema maharage yangu yana fukusi?"

Stashahada haikunisaidia hapo. "Hapana, Mama. Ni mimi. Yalikuwa mazuri."

Siku hizi Karatu ina maduka kila kona. Ukikosa chumvi unamtuma bodaboda, na jirani mnaonana msibani. Vijana wangu jikoni wana sufuria la presha linalopiga filimbi, hawajui kugonga mlango wakiwa na bakuli tupu mkononi. Nawaonea huruma kidogo.

Mama Bura alichota kwenye debe bakuli moja, lililojaa hadi kilele, akanirudishia mengine yote. Halafu akamgeukia mama yangu, kana kwamba ile foleni ya mashine ilikuwa jana.

"Dada, chumvi unayo kwako?"

Mama alikuwa nayo, tena tele. Niliinunua mimi.

"Imeniishia," mama yangu akamjibu, akanyoosha mkono apewe.