Mabati Juu ya Makaburi

Niliacha shule nikiwa kidato cha pili, wiki chache baada ya kumzika mama kando ya baba, kibanjani kwetu Kagoma, katikati ya migomba. Nilibaki na wadogo watatu. Wa mwisho alikuwa na shida ya kifua: akilowa mara moja, anakohoa wiki nzima. Na paa letu lilivuja juu ya kitanda chake hasa, kana kwamba limemchagua.

Kwa hiyo nilinunua mabati. Nilipeleka ndizi sokoni Bukoba, nikarudi na bati moja. Mwezi mwingine, jingine. Niliyasukuma chini ya kitanda changu mpaka yakatosha chumba cha watoto.

Desemba ndugu zetu walikuja kutoka Dar es Salaam, kama kila mwaka, na magari yanayong'aa na huruma nyingi. Baba mdogo na shangazi walisimama makaburini wakasikitika. Jirani alikuwa amewajengea wazee wake makaburi ya vigae, yenye kibanda juu. Ya kwetu yalikuwa udongo mtupu. Aibu hiyo haikuweza kusubiri. Paa la watoto liliweza, lilishazoea.

"Vigae nimeleta, saruji nimeleta," baba mdogo alisema. "Kilichobaki ni paa tu, na mabati yapo, nimeyaona chini ya kitanda."

"Yale ni ya chumba cha watoto, baba."

"Mwanangu, wazazi wako wananyeshewa."

"Hawajalalamika."

Shangazi akashika kiuno. "Mnamsikia? Tumemwachia nyumba, sasa anatujibu."

Nikasema hapana, nikadhani imesikika. Jumamosi nilienda sokoni; niliporudi, fundi alikuwa anapigilia msumari wa mwisho. Kazi safi, lazima niseme. Nguzo nne zimepakwa rangi, vigae vyeupe, mabati yangu juu. Wazazi wangu, ambao maisha yao yote hawakuwahi kulala chini ya bati jipya, walikuwa wamepata nyumba.

Jumapili alasiri mchungaji alikuja kuyabariki makaburi. Kabla ya wimbo wa pili mvua ikashuka, wageni wote wakakimbilia ndani. Maji yakawafuata humo humo. Suti ya baba mdogo ilipata yake begani. Shangazi alihamisha kiti mara tatu. Mdogo wangu akaanza kukohoa.

Sikuwa nimepanga lolote. Nilikunja godoro lake, nikamfunika blanketi, nikatoka naye mpaka makaburini. Nikalitandika juu ya vigae, kati ya baba na mama, akalala. Pakavu kabisa.

"Wewe, utatuletea laana," baba mdogo aliita kutoka mlangoni. "Mtoto halali kaburini."

"Basi alale wapi, baba?"

Aligeuka akatazama ndani. Mchungaji alitoka, kitabu amekificha ndani ya koti, akavuka mvua na kuja kuketi ukingoni mwa godoro. Hakuhubiri. "Huku afadhali," alisema, "hebu sogeeni kidogo."

Jumatatu fundi aliitwa tena, na baba mdogo mwenyewe alimshikia ngazi. Matundu ya misumari tuliyaziba kwa lami. Shangazi alirudi Dar akisema mimi ndiye niliyewavua wazazi wangu paa, na bado anasema hivyo kwenye kila msiba. Ni kweli, sijawahi kukanusha. Masika yalipoingia, mdogo wangu hakukosa shule hata siku moja.