Bi Ngazi na Minazi Kumi na Miwili Iliyosubiri Kung'olewa

Saa moja asubuhi, Bi Ngazi yuko juu ya ngazi yake ya mbao mbele ya lango la chuo, anapapasa kilele cha mnazi wa mapambo. Chini, mumewe mstaafu ameishika ngazi.

"Baba, tazama ngazi, achana na watu."

"Mimi natazama ngazi, mama. Watu ndio wanaonitazama."

Mtunza bustani huyu wa miaka hamsini na minne aliiotesha minazi hii kumi na miwili kwa mbegu, akailea miaka tisa. Shina la kila mnazi ni laini, la kijivu, lenye pete, na kila pete ni kovu la kuti lililodondoka. Juu ya shina kuna shingo ya kijani, kisha makuti. Nazi haizai, kwa kuwa ni ya mapambo tu, na amechoka kulieleza hilo.

Ilipohamishiwa hapa mwezi uliopita, makuti yalikauka yote. Vibarua, kwa nia njema kabisa, wakaja na mapanga waikate vichwa ichipue upya. Aliwawahi mbio.

"Mnazi una kichwa kimoja tu," anasema. "Ukikikata, umeua."

Msimamizi wa chuo akaamua: Ijumaa inang'olewa, na mama kazi hana.

"Nililia, sikufichi. Unalea kitu miaka tisa, mtu anakuambia ni kuni."

Jumatatu alipanda ngazi hadi kilele cha kila mnazi. Katikati ya makuti makavu kulikuwa na kuti changa lililojikunja kama mwavuli. Akalichora mstari wa wino, na mwingine sawasawa nao kwenye kuti kavu la jirani. Mnazi ukiwa mfu, mistari haiachani.

Leo ndiyo Ijumaa. Tingatinga limeshafika na msimamizi amefunga mikono kifuani.

"Panda mwenyewe, bosi," Bi Ngazi anamwambia akishuka.

Msimamizi anapanda na viatu vyake vya kung'aa. Mstari wa kuti changa umepanda vidole vinne juu ya mwenzake.

"Na mingine?"

"Kumi na mmoja nimeipima kabla hujafika. Yote imepanda."

Tingatinga linageuzwa. Bi Ngazi anacheka mpaka anafuta machozi kwa kanga. Msimamizi, sauti imeshuka, anauliza kama atapata mingine ishirini ya lango la nyuma.

"Utapata. Mbegu nazipanda kesho. Itakapokuwa tayari nitakuwa na miaka sitini na mitatu, na ngazi nitapanda mwenyewe."

Mumewe anaitazama ile ngazi. "Basi mimi nianze mazoezi ya mikono."