Nilivyomshukuru Muuguzi Bungeni

Katika miaka niliyokaa bungeni upande wa upinzani nilijifunza kumkatalia waziri kwa heshima zote. Waziri akikujibu uongo mtupu, husimami ukasema huo ni uongo. Unasimama, unawasha kipaza sauti, unasema: "Mheshimiwa Spika, pamoja na majibu mazuri ya Serikali, nina maswali mawili madogo ya nyongeza." Majibu mazuri! Mara ya kwanza kuyatamka maneno hayo nilijiuma ulimi nisicheke. Baadaye yakawa yananitoka yenyewe kama salamu, na hapo ndipo nilipopaswa kuanza kujiogopa.

Swali langu lilihusu wodi ya wazazi kwenye zahanati ya mtaani kwetu, huko unakopita Chanika ukaendelea mpaka lami inakata tamaa. Jengo lilikuwa zuri, lina bati la bluu na vigae sakafuni, na muda wote limefungwa. Kina mama walikuwa wanalipita wakiwa na uchungu, wamepakiwa kwenye bajaji kuelekea hospitali za mjini, na wapo waliojifungulia njiani. Nikauliza wodi ile itaanza kazi lini. Naibu Waziri akasoma kwenye karatasi yake kwamba wodi imekamilika, ina vitanda, na inatoa huduma. Wabunge wa upande wake wakapiga meza.

Mimi habari za vitanda nilikuwa ninazo. Nilipewa na muuguzi wa zahanati ile ile.

Alikuwa mtu wa bara, mama wa makamo, mwembamba, asiyependa porojo. Alinizidi umri, kwa hiyo nilimwamkia shikamoo dada, naye aliniita mdogo wangu, ubunge wangu ukae pembeni. Tulijuana kwa sababu ya mama yangu. Mama ana kisukari, na kidonda cha mguuni kilikuwa kimekataa kupona. Mimi nikiwa Dodoma, yule dada alikuwa anakuja nyumbani kila Jumamosi, kazi zake zikiisha, kukisafisha na kukifunga. Hakuna aliyemwomba. Mama ni mtu wa kusini na hasifii watu ovyo, lakini kwa huyo alikuwa anasema ni mtoto wake ambaye hakumzaa.

Jumamosi moja nilikuwepo. Akiwa amepiga magoti mbele ya mguu wa mama, akanisimulia bila hata kuinua uso. Siku moja kabla ya ziara ya wakubwa, lori lilileta vitanda sita na magodoro yake. Vikapangwa wodini, vikatandikwa mashuka meupe. Wakubwa wakaja, wakapiga picha, wakasifu. Asubuhi iliyofuata lori likarudi na kuvibeba vyote.

"Vikaenda wapi?" nikamuuliza.

"Sijui, mdogo wangu. Labda kuna zahanati nyingine nayo ilikuwa inasubiri ziara."

Mama akacheka. Mimi sikucheka. Siku mbili baadaye dada akanitumia picha kwenye simu: lori, vitanda vinne juu, wanaume wawili wanapandisha cha tano. Ilikuwa imepigwa kupitia wavu wa dirisha, na pembeni lilionekana pazia la maua la chumba chake cha sindano. Mtu yeyote aliyewahi kuchomwa sindano pale angelijua pazia hilo.

Bajeti ya wizara ile ilipofika, nikapewa dakika kumi za kuchangia. Hapa sharti nieleze desturi yetu, maana ndiyo iliyoniponza. Mbunge haanzi kusema kabla hajashukuru. Anamshukuru Mwenyezi Mungu aliyemjalia afya, anamshukuru Spika, mwenzi wake, watoto wake, wapiga kura wake, na wapo wanaoshukuru mpaka kengele ya kwanza inalia kabla hawajasema hata bajeti ni ya wizara gani. Wenzangu wa upinzani walikuwa wanabeza mtindo huo. Mimi niliupenda. Nimelelewa kwamba mtu akikutendea wema umtaje mbele za watu, na mahali pa mbele za watu zaidi ya pale sikupajua.

Basi nikashukuru. Nilipomaliza kwa Mungu na kwa wapiga kura nikasema, "Na kwa namna ya pekee nimshukuru dada yangu, muuguzi wa zahanati ya mtaani kwetu, anayemuuguza mama yangu mzazi kama mama yake." Hapo hapo nikaona kumbe nampenda kweli yule dada. Kisha nikakunja mikono ya gauni nikaingia kwenye hoja: lori, vitanda sita, mashuka meupe, vitanda vimerudi vilikotoka.

Mtoto wa darasa la pili angeunganisha. Mimi, mbunge mzima, sikuunganisha. Kichwani mwangu shukrani zilikuwa shukrani na hoja ilikuwa hoja, kila kimoja na chumba chake.

Naibu Waziri akasimama kuomba utaratibu, akasema nimelidanganya Bunge. Spika akanigeukia kwa upole ule unaotisha. Nithibitishe au nifute kauli, na alinipa mpaka kesho yake asubuhi. Nikasema sawa, na nilikuwa nimetulia, kwa sababu picha ilikuwa kwenye simu, mkobani. Nilipotoka ukumbini nikairusha mwenyewe klipu ya mchango wangu kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, tena kuanzia kwenye shukrani, ili mama aione.

Jioni hiyo muuguzi akapiga.

"Mheshimiwa," akaanza. Hakuwahi kuniita hivyo. "Umenitaja."

"Dada, jina sikulitaja."

"Muuguzi pale niko peke yangu. Jina la nini tena? Nimeitwa ofisini Jumatatu nikajieleze. Mlinzi wa zahanati naye wameshamuuliza."

Nilishikwa na aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwambia, "Usijali dada, hili nitalimaliza mimi." Nikakata, kwa sababu wenzangu wa kambi ya upinzani walikuwa wananisubiri mlangoni. Mazungumzo yale hayakufika hata dakika moja, na mimi ndiye niliyeyakata.

Wenzangu walikuwa na neno moja tu: "Picha unayo, iweke mezani." Lakini kitu kikishawekwa mezani ni mali ya Bunge. Kingefika wizarani kabla ya chakula cha mchana, na huko wangeliona pazia. Zile shukrani dada angeweza kuzikana, akasema ni habari ya kidonda tu. Picha asingeweza kuikana. Nikawaambia wenzangu picha haitoki, na sababu sikuwapa. Mmoja wao akanitazama kwa namna ambayo sijaisahau. Mimi nilijiona shujaa, mtu anayekubali kudhalilika ili mwenzake apone.

Asubuhi nikasimama. "Mheshimiwa Spika, nafuta kauli yangu."

"Unakubali kwamba ulichokisema hakikuwa kweli?"

Sikuwa nimelitegemea swali hilo. Nilidhani kufuta ni kufuta tu, unapangusa unakaa.

"Nakubali, Mheshimiwa Spika."

Wakapiga meza kwa nguvu kuliko siku ya majibu mazuri.

Nyumbani habari ilinitangulia. Mpaka Buguruni sokoni watu walikuwa wanasema nimelambishwa asali, yaani Serikali imeninunua. Mwanamke mmoja anayeuza mboga, ambaye binti yake alikuwa amejifungulia ndani ya bajaji, aliniambia usoni, "Sie tulikuwaga tunakuamini." Nilijua kwa nini nimefanya nilichofanya, na nilijipa moyo kwamba kuna mtu mmoja anayejua pia.

Mwezi haukuisha. Muuguzi akapata barua ya uhamisho, kwa manufaa ya umma, kwenda wilaya moja ya mbali ambako sijawahi kufika. Nikaondoka Dodoma siku hiyo hiyo niliyosikia.

Nilimkuta nje ya chumba chake cha kupanga. Mlinzi wa zahanati alikuwa anamsaidia kupakia godoro na sufuria kwenye kirikuu, na mwenye gari yuko ndani tayari, injini inanguruma.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

Nikaanza kueleza, mbiombio, kama mtu anayeogopa kengele. Kwamba nilifuta kauli kwa ajili yake. Kwamba picha ingeonyesha pazia. Kwamba watu wananitukana mpaka leo na sijafungua mdomo kujitetea. Alinisikiliza mpaka mwisho, jinsi alivyokuwa anasikiliza wagonjwa, bila kunikatiza.

"Pazia nilikuwa nalijua," akasema. "Ile picha nilikaa nayo siku mbili kabla ya kukutumia. Niliitazama, nikaona pazia, nikakutumia."

"Sasa kwa nini..."

"Ili uitoe! Nilikupa ya nini, ya kuangalia? Nilishajiambia, wakinihamisha wanihamishe, lakini vitanda virudi. Yalikuwa maamuzi yangu, na nilishayamaliza. Wewe umenitaja mahali ambapo sikukuomba, halafu ukanificha mahali ambapo sikukuomba. Nimehamishwa vilevile, na vitanda hakuna."

"Nilitaka kukulinda, dada."

"Ungeniuliza. Nilikupigia simu, ukakata." Akalisukuma godoro likae sawa. Hakupandisha sauti hata kidogo. "Kuuliza si ndiyo kazi uliyotuomba kura?"

Mdomo ulionipeleka bungeni haukunisaidia kitu. Akanipa mkono, akasema nimsalimie mama na nisiache kidonda kilowe maji, akapanda mbele, wakaondoka. Mlinzi alibaki amesimama upande wa pili wa barabara. Tuliagana kwa kichwa tu.

Nilibakiwa na miaka miwili bungeni. Mwaka uliofuata nikapeleka tena swali la wodi ile, na safari hii sikumshukuru mtu. Naibu Waziri hakuhangaika hata kutafuta takwimu. Alifungua kumbukumbu rasmi za Bunge, akasoma siku, akasoma jina la jimbo langu, kisha akasoma maneno yangu mwenyewe kwamba nilichokisema hakikuwa kweli. Spika akaniuliza kama nina swali la nyongeza. Nikasema sina, nikakaa.