Sindano Mbili za Jumapili Moja

Jua la asubuhi limeshaingia soko la Kariokor. Dishon Wakoli, fundi wa viatu vya ngozi, ameinamia kipande chekundu cha ngozi kisichozidi upana wa kidole, anakishona huku akiimba besi ya kwaya yao.

"Kiatu tutabishania bei mpaka jioni," anasema akicheka. "Bangili hii siuzi."

Bangili zake ni za watoto wenye kisukari. Ya kwanza aliishona mwaka jana, 1996, kwa ajili ya bintiye Mirriam, mwenye miaka minane, baada ya Jumapili ambayo nusura iwe ya matanga.

Mirriam hudungwa sindano ya insulini asubuhi na jioni. Nyumbani kwao Makongeni hakuna friji. Dawa hukaa kwenye chungu kilichozungushiwa mchanga mbichi. Wazazi wote wawili walifunzwa kumdunga.

Asubuhi ya Jumapili hiyo mkewe Dishon, Triza Muhonja, alikuwa kwenye foleni ya maji. Dishon akamdunga mtoto, akatoka kununua maziwa. Triza akarudi na ndoo yake.

"Mama, baba ameshanidunga," Mirriam akasema.

Triza akacheka. Wimbo huo alikuwa ameusikia mara nyingi, kwa maana mtoto aliichukia sindano. "Leo hunipati, mwanangu. Leta paja."

Dishon aliporejea, alishangaa kuona meza tupu. "Mama Mirriam, mbona mtoto hajala? Nimemdunga kitambo."

"Umemdunga? Na mimi nimemdunga sasa hivi!"

Dishon anakumbuka saa ile: "Dawa ikishaingia, huwezi kuivuta irudi."

Alikoroga sukari kwenye maji, akamnywesha. Lakini muda si muda sukari mwilini ikashuka; Mirriam akaanza kutoka jasho na kutetemeka, akamwita babake kwa jina la mwalimu wake. Kavutha, jirani mwenye kioski, alikuja mbio na soda mikononi, leso ikiburutika nyuma yake. Jirani mwingine akawasha pikapu yake.

Hospitalini Mirriam aliwekewa dripu ya sukari, akalazwa hadi kesho yake, kidole kikitobolewa kila mara ili apimwe. Jioni ya Jumapili hiyo alikuwa ameketi kitandani, anatafuna mkate.

"Mama, Jumapili ijayo pia nitakunywa soda?"

Triza, aliyeshinda akilia, aliangua kicheko mpaka muuguzi akaja kumnyamazisha.

"Aliniambia ukweli nikamcheka," anasema Triza. "Hilo lilinichoma kuliko sindano yoyote."

Dishon hakutafuta wa kumlaumu. "Tungegombana, na saa ya sindano ingefika vilevile." Badala yake alishika nyundo na ngozi, akaunda bangili. Sasa anayemdunga Mirriam asubuhi humvika bangili mkono wa kulia. Wa jioni huihamishia kushoto. Kabla ya kugusa dawa, mzazi hutazama mikono kwanza. Na mtoto akisema amedungwa, husikilizwa.

Wazazi wengine waliiona kwenye kliniki ya kisukari, wakaitaka. Dishon anataka kila mtoto wa kliniki ile awe na yake kabla ya Krismasi.

Ana ombi jingine. Muuguzi ameanza kumfundisha Mirriam kujidunga mwenyewe, mzazi akikagua kipimo.

"Kudunga ndiyo kazi pekee ninayoomba nifutwe," anasema Dishon.

Mirriam, aliyekuja sokoni kwa kuwa shule zimefungwa, anajibu bila kuinua macho kutoka kwenye vipande vya ngozi anavyochezea:

"Shule zikifunguliwa nitakufuta, Baba. Wewe jiandae tu."