Pargat Singh Ajifunza Kusimama

Pargat Singh, jirani yangu wa ukuta mmoja, ni fundi wa pampu za visima, na hapa kijijini Rattowal hakuna mwanamume mfupi kumpita. Kilemba hukifunga kirefu makusudi, lakini hakijamsaidia kitu. Toka shuleni tunamwita Robo, naye huitika. Kaka yake Dilbagh alikuwa kinyume chake kabisa, jitu la kuinama kila mlangoni. Dilbagh alipoondoka kwenda Italia kukamua ng'ombe wa watu, alimwachia mdogo wake pikipiki yake, Bullet ya zamani, nzito kama ndama wa nyati anayegoma kutembea. Hakufikiria hata kidogo kwamba Pargat akiikalia, miguu yake haifiki chini.

Kuiendesha hakukumshinda. Ikishaondoka ilimtii, na mlio wake mzito ulimfanya aonekane mkubwa hata kwa sisi tuliomjua. Tabu ilikuwa kuisimamisha. Siku ya kwanza alilizunguka bwawa la kijiji mpaka watu wakaacha chapati zao wakatoka kutazama. Kila akipita mbele ya nyumba yake alimpigia kelele mkewe Jasvir, aliyekuwa bibi harusi wa juzijuzi, bado anaona haya kusema na mumewe mbele za watu.

"Lete kitu!"

"Kitu gani?"

Ameshapita. Duara jingine.

"Cha kukanyaga!"

Jasvir alilipindua hori la kulishia nyati wao wa maziwa, akalisukuma mpaka kando ya njia. Pargat akaja polepole, akanyoosha mguu wa kushoto, akatua juu yake kama jogoo juu ya ukuta. Tulipiga makofi mpaka nyati wakashtuka.

Basi hivyo ndivyo alivyoishi na Bullet yake. Aliyekuwa na pampu mbovu alitafuta kwanza jiwe la kuweka mlangoni, ndipo akamwita fundi. Penye duka la chai palikuwa na kizingiti, penye kinu cha unga palikuwa na bonge la zege, hekaluni kulikuwa na ngazi ya kuvulia viatu. Yote upande wa kushoto, maana ndiko ukingo wa barabara uliko. Mgeni akiuliza haya mawe ni ya nini, tulimjibu, "Ni ya Robo," kama vile kila kijiji kina yake. Binti yao Rupi alizaliwa, akakua, akaolewa, na mawe yakawa palepale.

Kisha serikali ikaja kupanua barabara. Sote tulifurahi. Trekta la kusawazisha lilipita kutoka mwanzo wa kijiji hadi mwisho, likazoa vizingiti, likazoa zege, likazoa mawe yote, na hakuna aliyekumbuka kumwambia Pargat, aliyekuwa shambani kwa mtu akitengeneza pampu. Alirudi jioni, akapunguza mwendo penye kinu cha unga kama kawaida, akanyoosha mguu wa kushoto, mguu ukatafuta zege, ukakuta hewa. Bullet ikamlalia taratibu, mbele ya foleni nzima ya watu wenye magunia.

Bachittar mwenye kinu akatoa kichwa dirishani, unga mpaka kwenye nyusi.

"Robo! Kama ulitaka kulala si ungesema? Tungekutandikia gunia!"

Watu walicheka, na Pargat alicheka nao. Lakini tulipomsaidia kuiinua hakuipanda tena. Aliisukuma kwa miguu hadi nyumbani, akaifunika kwa godoro kuukuu, na kesho yake nikamwona akienda kazini kwa baiskeli, begi la spana likimning'inia shingoni.

Zikapita wiki. Alinyamaza, na yeye si mtu wa kunyamaza. Jioni moja nilimsikia ng'ambo ya ukuta akimwambia mkewe kuwa yuko mtu wa Jandoli anayeitaka ile pikipiki. Mtu huyo akaja kweli. Jasvir akamkaribisha, akampa chai ya maziwa, akamwambia mwenyewe hayupo, na Pargat wakati huo amesimama nyuma ya mlango na soksi tu miguuni.

Yule bwana alipoondoka, nikasikia:

"Kwa nini umemwambia sipo?"

"Kwa sababu hupo. Mwanamume niliyeolewa naye hayupo hapa wiki ngapi sasa. Funga kilemba, twende uwanja wa soko la ngano."

Mavuno yalikuwa bado, uwanja ulikuwa mtupu. Nilikwenda nao, nikijisemea kwamba lazima awepo wa kuinua pikipiki. Jasvir hajawahi kushika usukani wa kitu chochote, lakini alikuwa amekaa nyuma ya mumewe nusu ya maisha yake, na mgongoni kwake alikuwa ameona mengi.

"Breki ya mguu iko upande gani?" akauliza.

"Kushoto. Bullet za zamani zote ndivyo zilivyo. Gia kulia."

"Na ukisimama, unashusha mguu gani?"

Pargat akautazama mguu wake kana kwamba ni wa mtu mwingine.

"Kushoto."

"Kwa hiyo kila ukitaka kusimama, unauondoa mguu kwenye kitu kinachosimamisha."

"Mawe yalikuwa kushoto, we mwanamke!"

"Mawe hayapo, baba Rupi."

Kwanza alijaribu peke yake, akaanguka kulia. Akajaribu tena, akaanguka kushoto. Mara ya tatu Jasvir akapanda nyuma, kwa sababu, alisema, akiwa amembeba yeye huwa haendeshi ovyo. Lakini alikaa kama wanawake wetu wanavyokaa, miguu yote upande mmoja, na Pargat alipoinamia kulia nusura amdondoshe kwa mgongo. Jasvir akashuka, akafunga mtandio kiunoni, akapanda tena, mguu huku na mguu huku.

Bibi Harnam Kaur alikuwa akipita na karai la mavi ya nyati kichwani.

"Jasvir! Umekaa kama askari!"

"Shangazi, kama inakuumiza macho, tazama njia. Utaangusha karai."

Wakazunguka. Mwanzoni kila Pargat akifunga breki, paji la uso la Jasvir liligonga kilemba.

"Umenigonga."

"Nimebana ya mbele kidogo tu."

"Kidogo chako kimenigonga. Anza mapema. Mbona unangoja mpaka mwisho, kisha unabana kama mtu aliyekumbuka kitu?"

Akaanza mapema. Akajifunza kuachia mafuta angali mbali, kushuka gia moja moja injini ikiwa bado inavuta, kubana mkono na mguu pamoja, na pale mwisho kabisa kulegeza kidogo ili pua isizame. Akajifunza kutazama mbele, maana kila alipotazama chini, huko chini ndiko alikokwenda. Usukani ukiwa umenyooka na magurudumu yanakaribia kutulia, aliteleza kitini, nyonga ya kulia nje, mguu wa kushoto ukiwa bado juu ya breki, na kidole gumba cha mguu wa kulia kikagusa saruji. Kisha vyote vitano.

Walitulia hivyo. Nikaona mkono wa Jasvir ukimpapasa mumewe begani, ukaondoka haraka alipokumbuka kwamba nipo.

Mwezi uliofuata dada yake Jasvir alikuwa anamwoza mtoto wake, na kijiji kizima tulikwenda. Mimi nilikuwa kwenye tela la trekta na wengine, Bullet iko mbele yetu. Tulipofika kivuko cha reli geti likashuka. Pale barabara imepanda kilima, malori mbele, basi ubavuni, na watu kila mahali.

"Robo anaanguka leo," Bachittar akasema, akasimama telani ili aone vizuri. Kisha akapiga kelele, "Mpeni tofali! Jamani, mpeni tofali!"

Muuza karanga mmoja akaokota tofali akakimbia nalo. Hakuwahi. Pargat alikuwa ameshapunguza mwendo toka mbali, akasogea polepole nyuma ya lori, akateleza kulia, akasimama. Bullet ilishikwa na mguu mmoja kwenye breki, mwingine chini, na Jasvir nyuma yake ameketi wima, shanga za harusi hazikutikisika.

Muuza karanga akabaki na tofali lake mkononi.

"Asante, kaka," Pargat akamwambia. "Likalie wewe, umechoka kwa kukimbia. Na tupe karanga."

Bachittar akaketi. Baada ya muda akasema, bila kumwambia mtu yeyote, "Kasimama vizuri, mshenzi yule," na nikaona macho yake yamelowa.

Siku hizi malalamiko ya Jasvir ni mengine. Zamani mumewe alisimama palipo na jiwe tu, kwa hiyo alifika nyumbani kwa wakati. Sasa anasimama popote. Akimwona mtu shambani anasimama, akiona nyati kazaa anasimama, hata mgeni anayeuliza njia anasimamiwa na kuulizwa habari za kwao kote. Chapati za mahindi zinapoa, mboga ya haradali inapoa, na Jasvir anapanda juu ya lile hori kuchungulia ukutani kwangu.

"Shemeji, umemwona baba Rupi?"

"Yuko njia panda."

"Anafanya nini?"

"Amesimama tu."

"Haya," anasema, na hashuki upesi.