Waya Mzito wa Drili ya Baba

Mwezi uliopita nilipita Kabanga, nikasimama kwenye kibanda cha fundi mmoja aliyekuwa akitoboa mbao kwa drili ya betri. Haikuwa na waya hata kidogo. Aliigeuza mkononi kama mtu anayechezea funguo. Nikacheka peke yangu hadi akaniuliza kama niko mzima. Ngoja nikusimulie wewe.

Wakati wa vita vya Kagera, kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa na shule isiyo na madawati. Baba yangu, seremala, alipewa kazi ya kuyatengeneza, na padri wa misheni akamwazima drili ya umeme. Umeme ulitoka kwenye jenereta la misheni, na kwa kuwa dizeli ilikuwa ikienda vitani, liliwashwa kwa saa moja tu kila Jumamosi. Karakana ya baba ilikuwa ng'ambo ya migomba. Waya pekee uliofika huko ulikuwa mnene kama mpini wa jembe, mzito kama ng'ombe aliyekataa kuamka.

Jumamosi ya kwanza tulijazana mlangoni tukitafuna mahindi ya kuchoma. Jenereta likanguruma, baba akainua drili, waya ukaivuta. Mkia wa drili ukashuka, ncha ikaelekea juu. Tundu lililoanzia katikati ya mguu wa dawati likatokea upande wa pili vidole vitatu juu zaidi. Baba akalaumu mbao. Akatoboa tena, akalaumu jua. Dawati lilipokamilika lilikuwa limeinama upande mmoja. Mwenyekiti wa kijiji akaja kulijaribu. Akakaa na heshima zake zote, akaanza kuteleza polepole hadi akamwegemea mwalimu mkuu aliyeketi kando yake.

"Fundi," akasema akiwa palepale, "watoto watasoma au watasafiri? Likitoka jingine hivi, namwita fundi wa Biharamulo."

Wiki nzima baba alichokonoa tu ndizi na maharage yake.

Jumamosi ya pili shangazi, dada yake mkubwa, alikuja kutuletea maziwa, akasimama kumtazama. Akaweka kibuyu chini, akauinua waya na kuutupia begani.

"Dada, hii ni kazi ya fundi," baba akasema.

"Kazi yako siigusi. Nimeshika mkia tu. Toboa."

Baba akatoboa. Drili ikatulia mkononi kama imepunguzwa nusu ya uzito. Alipochungulia kwenye tundu, aliliona jicho la mwalimu mkuu upande wa pili, sawasawa. Akachukua mguu mwingine.

Tangu hapo, kila Jumamosi baba alivaa shati safi akaenda kwa shangazi, lakini kuomba msaada moja kwa moja kulimshinda.

"Shikamoo dada."

"Marahaba."

"Mbuzi hawajambo?"

"Hawajambo. Yule mweupe ndiye anakohoa."

Shangazi aliendelea kuchambua maharage, punje moja moja, hadi jenereta lisikike na baba aanze kutokwa na jasho.

"Basi twende, dada."

"Twende wapi?"

"Ukanishikie waya."

Hapo ndipo aliposimama.

Madawati yalikamilika, tukayakalia bila kuteleza, na miaka mingi baadaye yakawa kuni za jikoni la shule. Karakana imekuwa shamba la mihogo. Baba na shangazi wamezikwa jirani. Umeme wa nguzo umefika hadi kanisani, na watu huombana jambo kwa simu, kwa sentensi moja. Mimi ninachotamani kusikia tena ni watu wawili mlangoni wakiulizana hali ya mbuzi, mmoja mmoja, huku dizeli inaungua.